Mzigo uteremshwe kichwani mwa mwanamke

WAHENGA walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kuwa asiyeubeba mzigo huuona mwepesi, hata kama anayeubeba shingo imekwisha kumwingia mabegani. Methali hii hutungiwa maswali ya mitihani mwaka nenda mwaka rudi, na wanafunzi huieleza vyema wakapata alama zao. Lakini ni wachache kati yetu, walimu kwa wanafunzi, waliokwisha kujiuliza ni mzigo wa nani hasa unaosahauliwa, na ni nani huyo auonaye kuwa ni usufi.

Yeyote apitaye alfajiri katika barabara itokayo mjini Malindi kuelekea Kakuyuni, Jilore na Langobaya, hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, hakosi kulipata jibu. Ukingoni mwa barabara, na katika vijia vinavyoingia na kutoka vichakani, huenda wanawake na wasichana wenye mitungi ya maji, matita ya kuni, magunia ya makaa na vikapu vya maembe. Ngata i kichwani, mtoto yu mgongoni, leso imekazwa kiunoni. Katikati ya barabara hiyo hiyo hupita malori, matatu, pikipiki na baiskeli, na aghalabu aliyeshika usukani ni mwanamume. Hata mkokoteni wa maji unaovutwa na punda una mwenyewe, naye ni mwanamume, na maji yake huuzwa.

Tutazame tofauti hiyo kwa makini. Maji ni yale yale, na mtungi ni ule ule wa lita 20. Ukiwa juu ya gurudumu, mtungi huo ni biashara na mwenyewe hulipwa. Ukiwa juu ya kichwa, ni wajibu wa mke na hakuna anayefikiria kuulipia. Gurudumu limekuwa la mume na kichwa kimekuwa cha mke. Huo ndio mgawanyo wa kazi ambao wataalamu wa maendeleo huuita suala la jinsia katika usafiri, na ndio ninaokusudia kuujadili leo.

Kwanza yafaa tuelewane kuhusu neno lenyewe. Neno "jinsia" lilivuma sana katika magazeti na mikutano yetu katika miaka ya 1990, hasa baada ya mkutano wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi Gertrude Mongella. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1985, wanawake wa dunia walikuwa wamekutana papa hapa kwetu Nairobi. Kwa kuwa neno lilikuja na mikutano, wengi walidhani kwamba jinsia ni jina jingine la wanawake, au la ugomvi baina yao na waume zao. Sivyo hata kidogo.

Jinsi ni maumbile. Mwanamke huzaa na kunyonyesha, mwanamume hawezi, na hakuna baraza linaloweza kulibadili hilo. Jinsia ni yale majukumu, matarajio na mipaka ambayo jamii imempangia kila mmoja kwa sababu ya maumbile yake. Kuchota maji si maumbile. Hakuna kiungo katika mwili wa mwanamke kilichoumbwa kwa ajili ya mtungi, wala hakuna kiungo katika mwili wa mwanamume kilichoumbwa kwa ajili ya usukani. Kilichopangwa na watu, watu wanaweza kukipanga upya.

Lugha yetu yenyewe haina ubaguzi huo. Tukisema "amefika" hatujui kama ni yeye wa kike au wa kiume. Walakini mwalimu na awaambie wanafunzi wake wachore picha ya sentensi hii: "Dereva alisimamisha gari, mpishi akashuka." Kisha ahesabu ni wangapi waliomchora dereva wa kike au mpishi wa kiume. Sarufi haikumwambia mtoto lolote kuhusu jinsi ya watu hao. Aliyemwambia ni nyumba alimolelewa na njia apitayo kila siku.

Huenda akatokea mtu wa kusema kwamba kubeba mizigo ni desturi ya mwanamke wa Kiafrika tangu jadi, na kwamba desturi haiguswi. Ningemwomba mtu huyo aitazame historia ya pwani hii. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara ilitegemea mabega na vichwa vya wapagazi, na wengi wao walikuwa wanaume. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, na kijana aliyefika pwani na mzigo wake akarudi salama alionekana kuwa amekomaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliwakusanya wanaume kwa malaki wakawabebee askari risasi na chakula. Mahali walipokaa wapagazi hao ndipo palipopata majina ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Kwa hiyo kichwa cha mwanamume kinajua kubeba. Palipokuwa na ujira au amri ya serikali, kilibeba. Lori lilipokuja, mwanamume alipanda juu ya gurudumu akaenda zake, na mzigo usiokuwa na ujira ukabaki pale ulipokuwa, kichwani mwa mkewe na binti yake.

Na hapa Kilifi hatuwezi kuitaja miaka hiyo bila kumtaja Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka kodi ya vibanda na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za kikoloni, mjane huyo aliingia njiani. Alitembea kijiji hadi kijiji akiwahimiza watu wakatae, na wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe. Alikamatwa, akahamishwa hadi upande wa magharibi mwa nchi, naye mwaka 1914 akatoroka na kurudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilomita. Tunamsifu kwa ushujaa, na inafaa. Lakini tusisahau kwamba silaha yake kubwa ilikuwa uwezo wa kwenda. Lau angefungika baina ya kisima na jiko, tusingelijua jina lake. Anayedai kwamba mambo haya ya haki za wanawake yameletwa kutoka Beijing na aulize ni nani aliyemtuma Mekatilili.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa maana somo hili si la historia peke yake. Tuchukue mfano wa nyumba iliyo kilomita 1 tu kutoka kisimani, nayo inatumia mitungi 3 kwa siku. Kila mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, tusihesabu chombo chenyewe. Mama wa nyumba hiyo hutembea kilomita 6 kila siku, 3 za kwenda mtupu na 3 za kurudi na mzigo. Kwa mwaka ametembea kilomita 2,190, yaani ni kama kwenda kutoka Mombasa hadi Nairobi mara nne na nusu. Kazi hiyo yote, safari 1,095 za kubeba, ingefanywa na lori la tani 7 katika mwendo wa kilomita 3 na kidogo. Mwaka mzima wa maisha ya mtu mmoja ni sawa na dakika chache za lori moja! Na hapo hatujagusa kuni, shamba, mashine ya kusaga, soko na zahanati.

Jambo hili lilichunguzwa kwa kina jirani zetu wa Tanzania. Kuanzia mwaka 1985, katika wilaya ya Makete, ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Iringa, Shirika la Kazi Duniani lilishirikiana na serikali kuendesha mradi wa usafiri wa vijijini. Watafiti hawakuanza kwa kuhesabu magari. Walihesabu safari za watu: nani alikwenda wapi, kufuata nini, akiwa amebeba nini, kwa muda gani. Waliyoyaona yaliwashangaza wengi waliozoea kudhani kwamba usafiri ni barabara na gari. Sehemu kubwa ya muda na nguvu za watu ilipotelea ndani ya kijiji na kandokando yake, katika vijia vya kwenda majini, kuni, shambani na kusaga, na waliobeba sehemu kubwa ya mzigo huo walikuwa wanawake. Dawa nazo zikawa za namna nyingine: vijia vitengenezwe, mashine za kusaga zisogezwe karibu na watu, punda na vifaa vyepesi vya magurudumu vijaribiwe.

Makete yatufunza jambo moja kubwa. Mhandisi akitaka kujua kama barabara inastahili kutengenezwa, kwa kawaida huhesabu magari yanayopita. Mwanamke mwenye mtungi apitaye kichakani hamo katika hesabu hiyo. Asiyehesabiwa hapangiwi, na asiyepangiwa hatengewi fedha. Tazama maajabu yake: kituo cha Baricho huvuta maji kutoka bonde la Sabaki na kuyapeleka Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Bomba limejua njia ya kufika kwenye hoteli za ufuoni, na bado katika vijiji vya bara ya Malindi mtungi haujateremka kichwani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kwa kweli, bomba la maji linalofika karibu na nyumba ni chombo cha usafiri kwa mwanamke kuliko barabara ya lami. Lami humharakisha apitaye kwa gari, lakini mfereji huifuta kabisa safari ya mwenye mtungi.

Sisemi kwamba lami haina faida. Akina mama wengi wa Kakuyuni huuza mjini Malindi, na barabara njema ikipunguza nauli, wao nao hunufaika. Lakini hata ndani ya matatu jinsia imeketi. Mwenye kikapu hulipia kiti na kikapu. Mwenye mtoto husukumwa nyuma. Wasichana hutukanwa na kushikwashikwa vituoni, na wengi hunyamaza kwa kuona haya. Novemba 2014 wanawake waliandamana mjini Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani katika vituo vya magari kwa kisingizio cha mavazi. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la jinai lenye kifungo cha miaka mingi. Sheria ni jambo jema, ila haipandi gari pamoja na msichana. Anayepanda pamoja naye ni abiria mwenzake, na abiria huyo anyamazapo, utingo hujua kwamba ameruhusiwa.

Kisha kuna pikipiki. Bodaboda zilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960 zikiwa baiskeli, na tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwishoni mwa miaka ya 2000, zimefika hadi vijijini ambako matatu haikuwahi kufika. Zimewaokoa wengi. Mgonjwa ambaye zamani angebebwa kwa machela leo hufika hospitali kwa dakika chache. Walakini chombo kikiwa mikononi mwa upande mmoja tu, huwa pia ni mamlaka. Msichana aliye na shule kilomita kadhaa kutoka nyumbani, hana nauli na jua linazama, hupewa usafiri wa bure usio wa bure. Mwaka 2018 jimbo letu la Kilifi lilitajwa nchini kote kwa sababu ya mimba za wanafunzi. Watu waliwalaumu wazazi, ngoma za usiku, simu na wasichana wenyewe. Ni wachache waliouliza msichana huyo alifikaje shuleni. Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kupata mimba walikuwa asilimia 18 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Tumepiga hatua, lakini msichana mmoja katika kila saba bado ni wengi mno, na umbali wa shule ni mmoja wa mizizi ya tatizo hili.

Tusiwaonee vijana wa bodaboda kwa kuwatia wote kapu moja, kwani jinsia imewabana wao pia. Kijana wa kiume huambiwa kwamba mwanamume hodari haogopi, kwa hiyo huona aibu kuvaa kofia ya usalama na kwenda polepole. Huambiwa lazima alete pesa nyumbani, kwa hiyo hubeba abiria watatu na kuendesha usiku kucha akiwa na usingizi. Wodi za majeruhi zimejaa wavulana waliovunjika miguu kwa kutimiza matarajio hayo. Ndiyo maana nikasema kwamba jinsia si jina jingine la wanawake. Mgawanyo mbaya wa majukumu humchosha mama polepole kwa miaka 40, na humuua mwanawe kwa dakika moja barabarani.

Pahali ambapo mambo haya yote hukutana ni kitanda cha uzazi. Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walikuwa wamekwisha kueleza kwamba mama mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa aina 3: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kuondoa malipo ya hospitali hakumpi nauli mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, mvua imenyesha na kijia kimegeuka tope. Hapo hapo kuna suala la pili. Ni nani anayeamua? Ikiwa mume yuko kazini Mombasa, na fedha ziko mkononi mwake, na mama mkwe asema tungoje hadi kuche, basi hata gari likiwa mlangoni halitaondoka. Usafiri ni gari, ni njia, na ni idhini. Mwanamke aweza kuwa na viwili vya kwanza akafa kwa kukosa cha tatu.

Nimesikia wakisema kwamba mambo yamebadilika. Hujatajiwa Kapteni Irene Koki Mutungi, aliyekuwa rubani mkuu wa kwanza wa kike barani Afrika kuongoza ndege ya Boeing 787? Hukuwaona wanawake waliokabidhiwa treni ya reli mpya siku ilipozinduliwa, Mei 31, 2017? Nimewaona, na nimejivunia. Tena naomba picha zao zitundikwe katika kila darasa. Walakini wachache walioruka angani wasifanywe pazia la kuwaficha maelfu waliobaki njiani kwa miguu. Maendeleo hayapimwi kwa aliye mbele kabisa tu. Hupimwa pia kwa yule wa mwisho katika msafara.

Nini kifanyike? Sina nafasi ya kuyataja yote, nitayataja manne. La kwanza, kila jimbo linapopanga barabara, lihesabu pia watu waendao kwa miguu na mizigo waliyobeba, na litenge sehemu ya fedha kwa ajili ya vijia, vivuko na mifereji. La pili, mabaraza ya kuwashirikisha wananchi yaitishwe saa ambazo mama anaweza kufika. Baraza la saa tatu asubuhi ni baraza la wanaume, kwa kuwa saa hiyo mwanamke yuko kisimani au shambani. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na njia ya kisimani aijua aipitaye. La tatu, vyama vya akina mama visaidiwe kumiliki mikokoteni, punda, baiskeli na hata pikipiki, wala binti asicheshwe anapojifunza kuendesha. La nne liko mikononi mwa wanaume wenyewe, wala halihitaji fedha za serikali: mwenye baiskeli aifunge mitungi nyuma, akachote. Atakayemcheka na amwambie kwamba babu zake walibeba pembe kutoka bara hadi pwani.

Nimalizie kwa ombi kwa walimu na wanafunzi, kwa maana mabadiliko ya namna hii huanzia darasani kuliko bungeni. Kwa juma moja kila mwanafunzi na aandike daftarini safari zote za watu wa nyumbani kwao: ni nani aliyekwenda, wapi, kufuata nini, kwa chombo gani, na mzigo wa kilo ngapi, na iwapo palihitajika ruhusa au nauli, ni nani aliyeitoa. Mwisho wa juma wajumlishe kilomita na kilo za kila mmoja, wa kike kwa upande wake na wa kiume kwa upande wake. Ni zoezi la hisabati, la jiografia na la uraia kwa pamoja, nalo halina gharama ila penseli. Matokeo yake yapelekwe kwa mkuu wa kijiji na kwa mwakilishi wa wadi, yasomwe mbele ya watu.

Siku hiyo mvulana atagundua, kwa hesabu aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe, dada yake alichokuwa akifanya wakati yeye anacheza mpira. Na akirudi nyumbani jioni akautwaa mtungi bila kuagizwa, atakuwa ameielewa methali ya kanda la usufi kuliko aliyepata alama zote katika mtihani.